Wiki ya Ilimba

Binti wa Manyoni, mkoani Singida, anayesomea muziki huanza wiki yake na ilimba, ala ya ndimi za chuma, mapajani. Kila ulimi wa chuma husogezwa mbele au nyuma hadi sauti ikae sawa, ndipo mazoezi ya kundi yaanze.

Katikati ya wiki hurekodi. Kipaza sauti hakifichi kitu: pumzi ikikatika au kidole kikiteleza, husikika, na wimbo hurudiwa.

Jumamosi ni jukwaani. Huko hakuna kurudia.

Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo, aliijua vizuri kazi hiyo. Alifundisha Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa ambacho leo kinaitwa TaSUBa, na mwaka 1996 albamu yake, Chibite, ilitolewa na kampuni ya muziki ya Real World ya Uingereza. Alifariki mwaka 2003.

Wagogo wako Dodoma na Manyoni pia, na wanawake wao wanasifika kwa ngoma ya muheme. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, wa ukoo wa Hukwe, walitoa albamu yao, Maisha. Binti wa Manyoni anayefanya mazoezi leo anao wa kuwasikiliza, tena wanawake wenzake.