Hata takataka ina mwenyewe



Nafundisha dini hapa Dar es Salaam, na nyuma ya darasa letu vijana wanatunza bustani ya mchicha na bamia. Udongo ni mchanga mtupu. Ukimwagilia asubuhi, Adhuhuri umeshakauka. Tukaamua kutengeneza mboji. Majani mabichi hayakutusumbua. Sokoni Buguruni maganda na majani ya kabichi hurundikana kila jioni yakingoja gari la jalalani, na wauza mboga hufurahi ukiwapunguzia. Tabu ni vitu vikavu, maana mabichi matupu huoza kwa harufu mbaya na kujaza nzi.

Siku moja nikawachukua vijana watano hadi kwa fundi seremala. Hakuwepo. Tukajaza maranda viroba sita. Kijana mmoja akaniuliza, "Ustadhi, umemuomba mwenyewe?" Nikamjibu harakaharaka kuwa kilichotupwa hakina mwenyewe.

Nilikosea. Maranda yale hayakutupwa, yaliwekwa. Wafugaji wa kuku huyanunua wakatandika mabandani. Kumbe nimefanya lile lile ninalowakataza darasani, kula mali ya mtu kwa batili, ambalo Allah (SW) amelikataza katika Surat al-Baqara, aya ya 188. Na mali si mpaka iwe na bei kubwa. Alichokiacha mtu kwa kuridhia kichukuliwe, unaokota. Alichokiweka tu, hata kama ni vumbi la mbao, unaomba.

Nilirudi kwa fundi na vijana wale wale, makusudi, ili wasikie nikiomba radhi. Akacheka, akataka malipo ya viroba vitatu tu. Kisha akatuuliza tumeyachota upande gani. Tulipomwonesha akatikisa kichwa: viroba viwili vilikuwa vya mbao zilizotiwa dawa ya wadudu, tusithubutu kuviweka kwenye mboga. Ningemuomba tangu mwanzo, angeniambia siku ile ile.

Wengine huuliza kuhusu samadi. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku pwani, kinyesi cha mnyama ni najisi na kukiuza hakusihi, lakini kukitia shambani kumeruhusiwa na mboga zake ni halali. Mahanafi wameruhusu hata kukiuza. Imepokewa kwamba Saad bin Abi Waqqas (RA), sahaba mkubwa, alikuwa akibeba samadi mwenyewe kuipeleka shambani kwake. Basi msomi wa chuo kikuu asione haya kubeba ndoo. Abadilishe nguo tu kabla ya swala.

Rundo letu limeingia wiki ya tano. Tunaligeuza kila Jumamosi baada ya Alasiri na kulinyunyizia maji kidogo, liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Maranda yakipungua, anayekwenda kuomba ni yule kijana aliyeniuliza.