Mkaa Usiowaka

Mpendwa, umewahi kujiuliza kwa nini mkaa hauwaki ukiwa guniani? Oksijeni imeuzunguka pande zote, na nishati imo tele: gramu 12 tu za kaboni safi zikiungua kabisa hutoa takribani kilojuli 394, za kutosha kuchemsha lita nzima ya maji. Hata hivyo gunia hukaa stoo miezi na miezi bila kutoa hata cheche. Anayebandika chai alfajiri anajua: bila vijiti vikavu, kiberiti na kupepea, jiko halishiki.

Mwaka 1889 mkemia wa Uswidi, Svante Arrhenius, alilieleza jambo hili kwa hesabu. Kugusana peke yake hakutoshi. Chembe lazima ziwe na nguvu ya kutosha kulegeza vifungo vya zamani, ndipo vipya vifungike. Gharama hiyo hulipwa mwanzoni, kabla ya faida yoyote kuonekana. Mkaa ukishashika, joto lake lenyewe huwasha kipande cha jirani.

Je, yupo ndugu ambaye mmekaa naye kama mkaa huo wa guniani? Mnasali kanisa moja, mnasalimiana misibani, lakini neno lililosemwa siku ya kugawana shamba halijazungumzwa hadi leo. Tafadhali usikate shauri kwamba upendo umekufa. Ugumu wa kuanza si kipimo cha upendo uliomo. Yesu alipofundisha kwamba mtu aiache sadaka yake madhabahuni, aende kwanza akapatane na ndugu yake, hakusema safari hiyo ni nyepesi.

Na ikikushinda? Sukari iliyo koponi haiungui kwa nyuzi 37, lakini mwilini, kwa joto hilohilo, huvunjwavunjwa na kututia nguvu. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, vichocheo vya mwili. Haviongezi nishati yoyote. Hufungua tu njia yenye gharama ndogo. Sauli, aliyekuwa amewatesa wafuasi wa Yesu, alipofika Yerusalemu, wanafunzi walimwogopa, na walikuwa na sababu. Barnaba ndiye aliyemchukua akampeleka kwa mitume. Kama kimeng'enya, hakumlazimisha mtu kupenda; alifungua njia tu.

Wiki hii mtafute Barnaba wako: shangazi, mzee wa kanisa, au rafiki mnayemwamini nyote wawili. Mwombe akusindikize. Na kama kuna wawili wanaokutazama wewe kwa matumaini hayo, mpendwa, usiwakatalie.