Kufa Kufaana: Kipunji wa Rungwe na Deni la Elimu

Methali hii husemwa msibani kwa sauti ya chini, na aghalabu kwa kejeli: mmoja amezikwa, mwingine amerithi. Lakini je, aliyerithi bila ya kuua ana deni lolote? Suali hili lina kisa chake mbali na bahari, wilayani Rungwe, juu ya mji wa Tukuyu, ambako migomba na chai hupanda hadi ukingoni mwa msitu wa mlima.

Ndani ya msitu huo anaishi kima wa manyoya ya kahawia, mwenye shungi kichwani, ambaye wawindaji wa Kinyakyusa walimwita kipunji. Mwaka 2003 watafiti walioongozwa na Tim Davenport waliyafuata maneno ya wawindaji hao hadi wakamwona. Mwaka uliofuata, kikosi cha Trevor Jones kilimkuta Ndundulu, katika milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya, akapangwa pamoja na kima waitwao mangabe. Mnyama adimu namna hiyo hakustahiki kuuliwa ili athibitishwe. Ushahidi ukawa picha.

Mwaka huo huo kipunji dume, bado mchanga, alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima mlimani Rungwe. Wataalamu wa biolojia ya molekuli wakavisoma vinasaba vyake, na mwaka 2006 wakatoa habari ya ajabu: jamaa zake wa karibu ni nyani, si mangabe. Akaundiwa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923.

Nani alaumiwe? Mkulima aliilinda riziki yake. Mtafiti hakutega mtego. Yuko atakayesema basi hakuna deni, kwani aliyeokota lulu ufukweni hadaiwi na chaza. Hoja hii ina uzito, lakini ina ufa. Chaza yule amekwisha kufa na habari yake imekoma. Msitu wa Rungwe ungalipo, kipunji wangalimo, na mkulima angali analima pembeni mwao. Faida iliyotokana na dhara lililokoma yaweza kuwa bahati tu. Faida iliyotokana na dhara linaloendelea humfanya mwenye kufaidika, akijua na akanyamaza, kuwa mshirika.

Hapa ndipo mwanafunzi wa shahada ya uzamili anapohusika, awe Dar es Salaam, Morogoro au ng'ambo. Kipande cha nyama humfikia kichupani kikiwa na nambari, na nambari haisimulii mlima. Hufunzwa kuyatilia shaka matokeo yake. Ni nadra kufunzwa kuuliza matokeo hayo yametoka katika hasara ya nani. Yeye hudhani kwamba la kwanza ni elimu na la pili ni huruma. Kipunji anafundisha vingine. Miongoni mwa vinasaba vilivyosomwa ni vile vya mitokondria, ambavyo mtoto hurithi kwa mama peke yake. Utafiti wa mwaka 2010 ulipomchunguza kipunji wa Ndundulu, ulikuta ukoo wake wa kikeni haufanani na wa nyani kama ule wa Rungwe. Yaelekea wahenga wa kipunji wa Rungwe waliwahi kuchanganyika na nyani zamani. Maiti ile moja ilisema ya mlima wake, ikasikika kana kwamba inasema ya kipunji wote. Kumbe kusahau nyama imetoka wapi ni kosa la kitaalamu pia, si la adabu tu.

Kima punju wa Unguja, katika jina lake la kisayansi, hubeba jina la John Kirk, balozi wa Kiingereza. Kipunji amebakishiwa jina lake la Kinyakyusa, akaongezewa na la mlima wake. Hiyo ni heshima, lakini jina halijazi ghala. Deni hulipwa pale elimu inaporudi chini ya mlima kwa lugha inayofahamika huko, ikamsaidia mkulima kuyalinda mahindi bila ya mtego. Shahada yaweza kutolewa Dar es Salaam au Chicago. Lakini mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.