Sura ya Mtoto na Ridhaa ya Mtu Mzima Ajaye

Ulinzi wa mtoto anayeigiza huzungumzwa zaidi kwa hesabu ya saa na fedha: afanye kazi kwa muda gani, apumzike lini, alipwe kiasi gani na malipo hayo yatunzwe na nani. Mambo hayo ni ya lazima, na sheria za nchi nyingi zimeyapa uzito unaostahili, lakini nyuma yake liko swali gumu zaidi, nalo ni swali la ridhaa, yaani kukubali kwa hiari jambo ambalo mtu analielewa na ambalo angeweza pia kulikataa. Mtoto anayesimama mbele ya kamera huruhusiwa na mzazi wake, na mzazi hukubali kwa niaba ya mtoto wa leo anayemjua, ilhali picha itadumu miaka mingi na kumfikia mtu mzima ambaye leo hayupo, hajulikani atakuwa nani na hakuna aliyemuuliza. Madhara mengi ya uigizaji wa utotoni, hata yale yanayoonekana kuwa ya fedha au ya uchovu, huanzia katika pengo hilo lililopo kati ya anayeridhia na atakayeishi na matokeo.

Mkataba Namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1973 kuhusu umri wa chini wa kuanza kazi na kuridhiwa na Tanzania mwaka 1998, unaruhusu katika ibara yake ya 8 mtoto aliye chini ya umri huo ashiriki maonyesho ya sanaa, kwa sharti kwamba kibali kitolewe kwa kila shauri peke yake na kitaje saa na mazingira ya kazi. Inafaa kujiuliza kwa nini sanaa ifunguliwe mlango ambao mgodi na shamba la mkonge vilifungiwa. Jibu ni kwamba kazi ya mgodini inaweza kufanywa na mtu mzima bila kupungua chochote, wakati hakuna mtu mzima anayeweza kuwa mtoto ndani ya hadithi, na jamii ambayo filamu zake hazina watoto imejidanganya kuhusu maisha yake yenyewe. Hayati Steven Kanumba, mwigizaji na mwongozaji wa filamu, alilielewa hilo alipowapa watoto nafasi kubwa katika filamu zake, na watazamaji wa Tanzania waliwapenda. Kwa hiyo kupiga marufuku si jibu. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, inayomtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, nayo inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, kazi isiyodhuru afya wala masomo, na inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi.

Ulinzi huo wote, hata hivyo, unamkuta mtoto pale tu anapotambulika kuwa yuko kazini, na hapa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, linaifundisha falsafa ya sheria jambo ambalo studio za mijini haziwezi kulifundisha. Wahadzabe wanaoishi huko, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa matunda, mizizi na asali, wamerekodiwa kwa miongo mingi na wanaanthropolojia, na vituo vya televisheni vya mbali, na sasa na watengenezaji wa video za mtandaoni. Kazi hizo huitwa makala, maana yake filamu zinazodai kuonyesha maisha kama yalivyo, na kwa kuwa zinadai hivyo, mtoto aliyemo huhesabiwa kuwa anaishi tu, haigizi. Lakini mtoto anapoombwa arudie kurusha mshale wake kwa sababu jua lilikuwa upande mbaya, au aondoe fulana ili picha ionekane ya kale, maisha yake yamekwisha kugeuzwa onyesho na yeye amekuwa mwigizaji, mwenye mwongozaji, mandhari na vazi la kuigizia. Tofauti yake na mtoto wa studio ni kwamba yeye hana mkataba wala saa za kupumzika, na zaidi ya yote hajui kwamba anayemwigiza ni mtu mwingine aliyebuniwa na wageni kwa jina lake. Huo ni uigizaji ulio hatari kuliko wote, kwa maana mtoto anayeigiza mwizi huivua nafasi hiyo jioni, lakini mtoto anayeigizishwa nafsi yake mwenyewe, ikiwa imepunguzwa na kupambwa, hana pa kuivulia.

Muda ndio unaolifanya jambo hili kuwa zito. Filamu kuhusu Wahadzabe iliyotengenezwa na mwanaanthropolojia James Woodburn pamoja na Sean Hudson ilitoka mwaka 1966, na bado inatajwa na kutazamwa katika vyuo vikuu vya mbali. Ilifanywa na mtaalamu aliyewaheshimu watu wale na kuishi nao kwa muda mrefu, na hakuna sababu ya kuilaumu. Lakini mtoto yeyote aliyepita mbele ya kamera ile, kama yu hai, leo ni mzee mwenye wajukuu, na sura yake ya utotoni imeendelea kutumiwa kufundishia watu asiowajua katika vyumba ambavyo hajawahi kuviingia.

Mwenye mamlaka juu ya sura hiyo ni nani, basi? Wairaqw na Wadatoga wa Mbulu na Hanang wanayo desturi ya kupeana ng'ombe wa kufuga, ambapo anayemtunza ng'ombe hunywa maziwa na kutumia samadi, lakini hawezi kumuuza wala kumchinja bila mwenyewe kujua, hata kama amemlisha miaka kumi. Mamlaka ya mzazi juu ya sura ya mwanawe yanafanana na hayo: anaweza kuiruhusu itumike katika yale yatakayorudi kumlea mtoto, lakini hana haki ya kuitoa moja kwa moja, kwa kuwa mwenye mali ni mtu mzima atakayekuja kuidai. Mkataba unaosema kwamba picha zitatumika popote na milele, nao ni wa kawaida katika biashara hii, unamtaka mzazi atoe kitu ambacho hakuwa nacho cha kutoa.

Wapo watakaosema kwamba upendo wa familia unatosha kuziba pengo hilo. Historia ya Hollywood inaikanusha hoja hiyo kwa uchungu. Jackie Coogan, aliyejulikana dunia nzima kupitia filamu The Kid ya Charlie Chaplin mwaka 1921, alipofikia utu uzima alikuta mama yake na baba wa kambo wameitumia karibu mali yote aliyoichuma, na kesi aliyoifungua mwaka 1938 ndiyo iliyoifanya California itunge sheria mwaka uliofuata ya kuweka kando sehemu ya mapato ya mtoto. Linaumiza zaidi lile la Jackie Cooper, ambaye katika filamu Skippy ya mwaka 1931 alitakiwa kulia, na mwongozaji Norman Taurog, aliyekuwa mjomba wake kwa ndoa, akamtisha kwamba mbwa wake atapigwa risasi. Machozi yalikuja, Taurog akapata tuzo ya Oscar ya uongozaji, na Cooper akalibeba tukio hilo hadi uzeeni, hata kitabu cha maisha yake akakipa jina linalolikumbusha. Fedha za Coogan zingeweza angalau kudaiwa mahakamani, lakini hofu aliyotiwa mtoto ili hadhira ifurahi haina mahakama inayoweza kuirudisha.

Swali hili la ridhaa lilifika Hanang kwa sura nyingine tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yaliposhuka kutoka mlimani hadi katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Umma ulikuwa na haki ya kuona, na bila shaka picha ziliharakisha misaada. Lakini filamu itakayotaka kuyasimulia maafa yale upya kwa kuwatumia watoto walioyaishi itakuwa imevuka mpaka, kwa maana mtoto huyo hataigiza kilio, bali atalia kweli.

Sheria ya Mtoto inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na haki hiyo ingekuwa na maana katika Bonde la Yaeda iwapo mtoto angeulizwa kwa Kihadza, na mtu ambaye halipwi na kikundi cha wapiga picha, tena akiwa mbali na macho ya wageni. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kutunza kumbukumbu ya kila mtoto aliyerekodiwa na ya kazi aliyomo, ili atakapofikisha miaka 18 aulizwe tena. Watayarishaji hupinga kwamba hakuna atakayewekeza katika filamu inayoweza kukatwa miaka kumi baadaye. Pingamizi hilo lina uzito, lakini mwaka 2007 watayarishaji wa The Kite Runner waliahirisha kuitoa filamu yao hadi watoto wa Kabul walioigiza humo wapelekwe Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa hofu kwamba tukio la mtoto kudhulumiwa kingono lingewaletea hatari nyumbani. Maana yake gharama ya namna hiyo hubebeka hatari inapoonekana waziwazi. Kwa Yaeda mahali pa kuanzia papo wazi, napo ni kuzirudisha bondeni filamu zilizokwisha kutengenezwa, zionyeshwe kwa waliokuwa watoto ndani yake wangali hai, na kila mmoja aulizwe kama sura yake iendelee kuonyeshwa, kwa maneno gani na kwa jina lipi.