Springi na Siri ya Fundi

Hebu nianze na swali ambalo limenikaa kooni kwa miaka kadhaa: mtu anayejua jambo la hatari, je, ana haki ya kumficha asiyejua, kwa hoja kwamba anamwokoa? Swali lenyewe si geni. Waganga wanaishi nalo, na wazazi hulijibu kila siku bila kujua kwamba wamelijibu. Mimi sikulipata kitabuni. Nililipata juu ya ngazi, katika kitongoji kimoja cha Minneapolis, Marekani, nikiwa nimeshika fito mbili za chuma baridi kama barafu.

Niieleze kwanza kazi, maana bila hiyo swali litabaki la hewani. Huko gereji si mahali pa makanika kama tunavyoelewa sisi. Ni chumba cha gari kilichoshikana na nyumba, na mlango wake ni mpana kama ukuta. Hupanda kwa reli mpaka ukalala karibu na dari. Mlango wa bati wa gari mbili waweza kuwa na kilo 70, na wa mbao ukapita 100, lakini mtoto wa shule anauinua kwa mikono yake. Wengi hudhani mota ndiyo inayoubeba. La hasha! Mota inasukuma tu. Anayebeba ni springi, na springi hakuna anayeitazama.

Imevikwa kwenye shafti juu ya mlango. Mlango ukishuka, nyaya za pembeni huizungusha shafti na springi ikasokotwa. Mlango ukipanda, springi hujisokotoa na kurudisha ilichokopa. Kimya kingi kina mshindo mkuu: siku inapokatika, mlio wake ni kama wa bunduki, na wapo wanaodhani wamevamiwa. Na haikatiki kwa bahati mbaya, hukatika kwa hesabu. Springi ya kawaida imetengenezwa kuhimili kufungua na kufunga mara 10,000 hivi. Nyumba inayofungua na kufunga mara 4 kwa siku inaimaliza kabla mwaka wa 7 haujaisha. Majira ya baridi ndiyo yalikuwa mavuno yetu, kwani chuma kilichochoka hakipendi baridi.

Kubadilisha springi ni hivi. Kwenye ncha yake pana kichwa cha chuma chenye matundu 4. Unaingiza fito ya chuma inayolingana sawasawa na tundu, unazungusha robo, unaingiza fito ya pili kabla ya kuitoa ya kwanza, unazungusha robo nyingine. Mlango wa futi 7 unataka mizunguko 7 na nusu hivi, yaani robo 30. Unasimama pembeni, uso wako usiwe kwenye njia ya fito. Ukimaliza unakaza skrubu. Basi. Mwenye mikono miwili na utulivu anaweza kujifunza kwa asubuhi moja. Ila akikosea, nguvu yote inayotosha kubeba mlango ule inarudi kwenye fito, na fito iko mkononi mwake.

Tajiri wetu alitupa amri moja: mteja akiuliza, mwambie ni kazi ya wataalamu, mtu wa kawaida haiwezi, na springi haziuzwi rejareja. "Ni kwa usalama wao," akasema. Nikaisema amri hiyo kama kasuku kwa majira mawili ya baridi.

Mpaka siku niliyotumwa kwa mama mmoja, mtu wa Kisii, muuguzi wa zamu ya usiku. Gari limefungiwa ndani, kazini anatakiwa jioni ile. Springi zake zilikuwa mbili, moja imekatika katikati. Nikamsomea bei: dola 640. Springi zote mbili nilizozibeba hazikufika dola 90. Nilijua, karatasi ilikuwa mfukoni mwangu. Mama akaniangalia, akaacha Kiingereza.

"Kijana wangu, niambie ukweli. Hii kazi ni ngumu ama ni hatari?"

Nikanyamaza. Sikuwahi kuyatenganisha mambo hayo mawili. Kubeba gunia la chumvi ni kugumu, si hatari. Kuvuka barabara ni hatari, si kugumu. Biashara yetu nzima ilisimama juu ya kuchanganya haya: tunaonyesha hatari, tunatoza ugumu. Mwanawe wa miaka 17 alikuwa amesimama mlangoni anatusikiliza.

"Ni zote mbili, mama," nikajibu. Nikadanganya. Mama akasema hana pesa hiyo mpaka mwisho wa mwezi. Nikamsaidia kuuinua mlango ule, tukatoa gari, tukaushusha taratibu, nikaondoka.

Nitarudi kwa mama huyo. Kwanza tumpe tajiri haki yake, tusiwe waandishi wa kuhukumu tu. Hoja yake ina uzito. Watu wamevunjika mikono kwa springi hizi, wengine wamekufa. Na si kila anayeuliza ana utulivu. Wapo wanaosikiliza nusu ya maelezo wakakimbilia bisibisi. Ukimpa mtu kama huyo ujuzi, umempa au umemsukuma? Hata kwetu fundi mzuri wa umeme hamfundishi kila mpita njia kupanda nguzo.

Lakini hebu tuipime hoja hiyo kwa kipimo kimoja tu. Kama tulikuwa tunanyamaza kwa ajili ya usalama, mbona tulinyamazia na yasiyo na hatari? Mteja hakuambiwa kwamba ziko springi za waya mnene zaidi, zinazodumu mara mbili ya hizi, kwa kuongeza pesa si nyingi. Hakuambiwa apake mafuta kidogo kwenye springi mara mbili kwa mwaka. Hakuambiwa jaribio ambalo hata bibi yangu angeliweza: funga mlango, vuta ile kamba nyekundu uuachanishe na mota, uinue kwa mkono mpaka kiunoni, uachie taratibu. Ukitulia hapo, springi ni nzima. Ukikuzidi nguvu na kutaka kushuka, springi inachoka; ita fundi mapema, usingoje usiku wa theluji. Hakuna kidole kinachokatika hapo. Ila mteja anayejua hayo anatuita mara chache, na hatuiti akiwa amepanikiki. Hapo ndipo nilipoona kwamba usalama ulikuwa koti tu, na aliyelivaa alikuwa mwingine.

Mchezo huu ni wa zamani. Yule Mwingereza Robert Hooke, aliyeieleza kanuni ya springi kwamba inavutika kwa kadiri ya nguvu inayoivuta, aliichapisha kwanza mwaka 1676 ikiwa fumbo, herufi zimepangwa kwa alfabeti asiambulie mtu kitu. Alilifumbua mwaka 1678. Alitaka ijulikane kwamba anajua, bila wengine kujua anachokijua. Wallahi, nikisoma habari hiyo namwona fundi saa wa mjini kwetu anayekugeuzia mgongo anapofungua saa yako. Hooke angalau hakudai kwamba anatulinda.

Sasa mama. Miezi miwili baadaye tulikutana kwenye harambee ya msiba. Mwanawe alikuwa naye, mkono wa kulia una plasta. Nikajua kabla sijaambiwa. Kijana alikuwa amepata springi mahali, akapanda ngazi wakati mama amelala. Aliiona ile iliyokatika, imelegea, akadhani na mwenzake imelegea. Akaingiza bisibisi kwenye tundu, akafungua skrubu za ile nzima kwa spana. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Ile springi nzima ilikuwa imesokotwa yote, maana mlango ulikuwa umefungwa. Bisibisi iliruka, ikamvunja kifundo cha mkono na kidole.

Mama hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Aliniuliza tu, "Kumbe ile ingine ilikuwa bado iko na nguvu?"

Sentensi moja! "Iliyobaki bado ina nguvu." Maneno manne. Nilikuwa nayo mdomoni siku ile, nikaikalia, eti namwokoa. Kunyamaza kwangu hakukumzuia kijana asipande ngazi. Kilichompandisha ni dola 640. Kulimnyang'anya tu kile ambacho kingemfaa akiwa juu.

Nilimpelekea habari hii fundi aliyenifundisha kazi, mzee Mmarekani wa miaka mingi kwenye ngazi. Akacheka, akanionyesha kidole chake cha shahada, ncha haipo. Hiyo, alisema, haikuchukuliwa na ujinga. Ilichukuliwa mwaka wake wa 14 kazini, siku ambayo alijua kila kitu na alikuwa na haraka. Basi usifikiri ukishamwambia mtu umeshamwokoa. Nikamuuliza, je, shemeji yako akitaka kubadilisha springi zake mwenyewe? Akasema alishamfundisha, na fito akamwazima. Nikamuuliza tofauti ya shemeji na yule mama ni nini. Akawasha gari.

Sijapata jibu la kuridhisha kwa kijana wa bisibisi, yule ambaye ungemwambia yote na bado angekosea. Pengine kwake kuna wakati wa kukataa kabisa. Lakini hata huko kukataa kuna namna mbili. Unaweza kumwambia, "Sitakusaidia, na sababu ni hii na hii, na bei yangu ina faida ya kiasi hiki." Hapo anabaki mtu mzima mbele yako, anachagua. Au unaweza kumwambia, "Huwezi," ukamfanya mtoto, ukamtoza kama mkubwa. Mimi nilichagua ya pili, na nilikuwa nimevaa fulana yenye neno "usalama" mgongoni.

Kazi ile niliiacha. Springi za mama nilizifunga mimi siku ya mapumziko, kwa bei ya dukani, kijana ameshika ngazi kwa mkono wa kushoto, akihesabu robo kwa sauti mpaka 30. Mkono ulipona, ila kidole cha mwisho hakinyooki vizuri. Mama ananiambia kwa simu kwamba mafuta huyapaka yeye mwanawe, Aprili na Oktoba, na kwamba hataki mtu mwingine aguse.