Bahati ya Mwenzako

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, tunaambiwa tangu utotoni, na sijawahi kusikia mtu akibisha. Mimi nitabisha kidogo, na shahidi wangu namtoa mbali: misitu ya Wisconsin, Marekani. Huko, kila Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani ya mwezi Novemba, watu zaidi ya 500,000 wenye leseni huanza kumsaka kulungu wa mkia mweupe kwa bunduki, wamevaa rangi kali ya chungwa wasije wakadhaniwa mnyama. Msimu huo ni wa siku 9. Katika miaka ya karibuni idadi ya kulungu wanaouawa haifiki hata nusu ya idadi ya wawindaji, kwa hiyo anayekwenda huko anajua kwamba huenda akarudi mikono mitupu.

Kuwinda kwa namna ile ni kazi ya upweke. Mtu hupanda dungu lake gizani, akakaa na baridi yake, asikohoe wala asijitikise. Atakaloliona halioni mwingine. Aldo Leopold, profesa wa wanyamapori wa Wisconsin ambaye kitabu chake mashuhuri kilitoka mwaka 1949, baada ya kufa kwake, alisema jambo la maana kuhusu hali hii: mwindaji hana watazamaji wa kumshangilia wala kumzomea, ana dhamiri yake tu. Lakini jioni ikifika watu hao hao hurudi kambini, wakaanika soksi karibu na moto, na kila mmoja akatoa hadithi yake. Aristotle, katika Maadili ya Nikomako, anayataja mawindo pamoja na ulevi, dadu, mazoezi ya mwili na falsafa yenyewe kuwa mambo ambayo marafiki hupenda kuyafanya pamoja. Najiuliza wanachofanya pamoja ni nini hasa, ikiwa mchana kutwa kila mmoja alikuwa kwenye mti wake.

Wanagawana yaliyowapata. Na hapa kuna tofauti ambayo methali yetu haiigusi.

Kugawana mikosi ni rahisi kuliko tunavyojisifu. Katika kambi kadhaa za Marekani kuna desturi ya kumkata pindo la shati aliyefyatua risasi akakosa, kisha kitambaa kikapigiliwa ukutani. Mwenye shati hucheka kwa sauti kuliko wote. Ni utani kamili, kama ule wa makabila yetu misibani, na kazi yake ni ile ile: kumfanya aliyepungukiwa asipungukiwe peke yake. Ila tuseme kweli, wanaocheka wana faida. Kosa la mwenzao limewafuta machozi. Kifo cha wengi harusi, na ukimpa pole mwenye mkosi, wewe unakaa juu yake kidogo, hata kama hukukusudia.

Kuna mkosi mmoja ambao utani hauufai: kumjeruhi mnyama asipatikane. Hapo rafiki anayesema "usijali, hutokea" naona hakusaidii. Anakupunguzia jambo ambalo halikustahili kupunguzwa. Rafiki anayefaa huwasha tochi mkaifuata damu pamoja hadi usiku wa manane, na msipompata, hakupi maneno.

Sasa geuza upande. Umeganda siku nne kwenye dungu bila kuona hata mkia, na siku ya tano mwenzako, aliyechelewa kuamka na kupiga kelele njia nzima, anaangusha dume lenye pembe pana. Anakuita umsaidie kumburuta. Kusema "hongera" ni rahisi, ulimi hauna mfupa. Kuifurahia kweli bahati ile, bila kutamani ingekuwa yako, ndiko kunakomvua mtu nguo. Nietzsche aliona kwamba urafiki unatambulika zaidi kwa furaha ya pamoja kuliko kwa huzuni ya pamoja, na ingawa simfuati katika mengi, hili namkubalia. Akufaaye kwa dhiki huenda ni msamaria tu, au mtu anayependa kuhitajiwa.

Jamii za wawindaji zimelijua hili zamani. Wajuǀ'hoan wa Kalahari, kama alivyoandika mwanaanthropolojia Richard Lee, humpa nyama mwenye mshale, si aliyelenga, na mishale huazimana sana, hivyo hata mzee asiyetoka tena kambini huweza kuwa mwenye nyama. Zaidi ya hapo, mnyama mnono husimangwa kuwa ni mifupa mitupu, ili aliyemuua asivimbe kichwa. Wivu hawakungoja wema wa moyo uuponye. Waliutungia kanuni.

Wisconsin nayo ina kanuni inayofanana na hiyo kwa namna ya ajabu. Wanaowinda kwa kikundi kwa bunduki, wakiwa karibu kiasi cha kuonana au kusikiana bila redio wala simu, mmoja anaweza kumuua kulungu na akahesabiwa kwenye kibali cha mwenzake. Fikiria uzito wake. Wewe hukufyatua, lakini kibali chako kimetumika. Je, umepewa zawadi au umeporwa? Kwa sheria kulungu ni wako. Kwa kumbukumbu ya mikono ni wa mwingine. Nadhani jibu hutegemea mazungumzo ya jana yake usiku, kama mlikubaliana kwa moyo au mlikubaliana kwa sababu chakula kilikuwa kitamu na hakuna aliyetaka kuonekana mchoyo.

Sikukuu ya Shukrani huangukia katikati ya msimu, kwa hiyo swali huulizwa mezani mbele ya mashangazi na watoto: nani amempata? Mwenye kibali anaweza kusema "mimi" na asiwe mwongo. Aliyefyatua naye vilevile. Mimi ningependa kuwasikia wote wawili wakijibu kwa pamoja, kisha wakaanza kubishana alikuwa umbali gani.