Kabla ya Kushika Mkasi

Mwanangu, sare hiyo ya ukunga umeivaa juzi tu, nami nimeivua baada ya miaka 35 ya kupokea watoto. Nakuachia neno moja: uchungu wa mama una mwendo wake. Kazi yako ni kuulinda, si kuukimbiza.

Sisi tulifundishwa kuwa njia ya uzazi ifunguke sentimita moja kila saa. Mama aliyechelewa tulimpasulia chupa ya maji ya uzazi, tukamtundikia dripu ya uchungu. Mwenye mimba ya kwanza tulimwongezea njia kwa mkasi bila hata kumwomba ruhusa. Nilichana wengi wasiohitaji kuchanwa, na hilo linaniuma hadi leo.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya. Uchungu uliokolea uhesabiwe kuanzia sentimita 5. Njia kufunguka polepole, peke yake, si sababu ya kumwingilia mama. Asiongezewe njia kwa mazoea, wala asikandamizwe tumbo ili mtoto atoke. Atembee, anywe, ale, ajifungue katika mkao anaoutaka, na mtu wake awe kando.

Basi daktari akisema mama awekewe dripu, nawe huoni haja, usinune wala usinyamaze. Mwambie kwa adabu: "Daktari, njia ni sentimita 6, mapigo ya mtoto 140, mama hana homa, kichwa kinashuka. Naomba tumpe muda, nimpime tena saa kumi." Lakini huwezi kusema hivyo kama hukukaa naye, ukasikiliza moyo wa mtoto kila nusu saa na kuandika. Anayelala zamu hana la kumtetea mama.

Wala subira isiwe ukaidi. Mapigo ya mtoto yakishuka chini ya 110 yasirudi, damu ikimwagika, mama akipata degedege, ita msaada mbio. Hapo upasuaji ni rehema. Na mtoto akishazaliwa, usimnyime mama yeyote sindano ya oksitosini ya kuzuia damu. Ushahidi ule ule unaotwambia tungoje ndio unaotwambia tuharakishe.

Usiku wa leo ukiingia leba, kabla ya kushika mkasi jiulize: huu ni kwa haja ya mama, au kwa haraka yangu? Ukishajibu kwa kweli, ndipo unyooshe mkono.